“Ni ssenga anayesema, si mimi”: chuki ya kabila ndani ya riwaya

Swali

“Mwalimu, naandika riwaya yangu ya kwanza kwa Kiswahili. Mimi ni Muganda, nafundisha Kiswahili katika sekondari moja upande wa Mukono. Riwaya inamhusu binti wa Kiganda anayetaka kuolewa na kijana Mkaramoja waliyejuana Makerere. Ssenga wa binti, yaani shangazi yake, anampinga kijana huyo kwa maneno makali: eti Wakaramoja ni wezi wa ng’ombe, hawaogi, watoto wao wamejaa barabara za Kampala wakinyoosha mikono. Katika sura ya tisa kaka wa kijana anaiba ng’ombe, na kijana anamficha. Mwishoni kijana anamwokoa ssenga kwenye ajali ya basi, anakubaliwa, kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, inafanyika. Nilimpa mswada mwalimu mwenzangu anayetoka Moroto, mji wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Alifika sura ya tisa akaurudisha. Akasema, ‘Umetutukana.’ Nikamjibu kwamba ni ssenga anayesema, si mimi. Tangu siku hiyo hatujaongea vizuri. Je, nifute maneno ya ssenga? Nibuni kabila lisilokuwepo? Au niwaachie watu wa Karamoja waandike habari zao wenyewe? Nimeambatisha muhtasari na sura nne.”

Jibu

Mwalimu mwenzangu, pole kwa hilo la rafiki yako, na asante kwa kutuma sura zenyewe, maana swali kama lako haliwezi kujibiwa kwa kusimuliwa tu. Nimesoma muhtasari na sura zote nne. Naanza na jibu fupi ili upumue: maneno ya ssenga usiyafute, kabila la kubuni usilibuni, na kuandika usiache. Hata hivyo rafiki yako hakukosea. Kuna kitu ndani ya mswada kinachowatukana watu wake, ila hakimo kinywani mwa ssenga. Kimo katika mpangilio wa matukio na katika sauti ya msimulizi. Hukukiona kwa sababu ulikuwa ukimlinda msomaji dhidi ya ssenga peke yake.

Hoja yako kwamba anayesema ni mhusika ni hoja ya haki, na bila hiyo hakuna fasihi. Riwaya ambayo kila mtu anasema maneno mazuri haiwezi kueleza nchi yetu, kwa sababu nchi yetu haisemi hivyo. Yale anayoyasema ssenga husemwa kwenye misiba, kwenye teksi, kwenye vyumba vya walimu. Ukiyaondoa, msomaji wa Karamoja hatafurahi. Ataona umeficha kile anachokutana nacho kila anapokuja Kampala kutafuta chumba cha kupanga. Mwandishi ana ruhusa ya kuandika chuki. Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo inahusu maneno ya wahusika peke yake, na riwaya haizungumzi kwa midomo ya wahusika tu.

Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kuhusu Heart of Darkness, kitabu cha Joseph Conrad kilichotoka kwanza jaridani mwaka 1899, kinachosimulia safari ya kupanda mto katika Kongo. Utetezi unaojulikana wa Conrad unafanana sana na wako: anayesimulia ni Marlow, mhusika wa kubuni, na dharau ni ya Marlow. Achebe hakuipuuza hoja hiyo. Alitafuta ndani ya kitabu mahali ambapo msomaji anapewa mizani nyingine ya kumpimia Marlow, hata kwa kidokezo, asipaone. Waafrika wa kitabu kile ni miguu, mikono na makelele vichakani. Wanaposema maneno ya kueleweka, Achebe aliona mara mbili tu: mara moja wakitaka wapewe watu wawale, mara nyingine kijana akitangaza kwamba Mzungu amekufa. Wapo wanaobishana na Achebe mpaka leo kuhusu hukumu aliyompa Conrad mwenyewe. Swali lake la mizani, hata hivyo, naona halijapata mpinzani wa maana, nami ndilo ninalolipeleka kwenye kila mswada unaonijia wenye mhusika mwenye chuki. Je, kitabu kinampa msomaji njia ya kumpinga mhusika huyu, au kinamwacha mhusika akiwa na ushahidi wote mkononi?

Sasa tazama chako. Katika sura ya pili ssenga anasema Wakaramoja ni wezi wa ng’ombe. Katika sura ya tisa Mkaramoja anaiba ng’ombe, na Mkaramoja mwingine anamficha. Hapo ssenga hasemi lolote, hata hayupo. Aliyepanga tukio ni wewe, na tukio linasema ssenga alisema kweli. Msomaji anaweza kubishana na maneno ya mhusika. Tukio hana namna ya kubishana nalo, kwa sababu ndani ya hadithi limetokea. Ndiyo maana rafiki yako alivumilia matusi yote ya sura ya pili, akaweka mswada chini alipofika ya tisa. Alisoma vizuri kuliko unavyodhani.

Na kuna jambo ambalo ningependa ulitazame kwa utulivu, maana kwangu ndilo kiini cha yote. Sura yako ya tatu ni nzuri sana. Baba mdogo wa binti anagushi hati na kuuza kibanja, yaani kipande cha ardhi, cha ukoo. Unatueleza madeni yake, karo za watoto, jinsi anavyokaa kwenye gari bila kuwasha injini kwa sababu anaogopa kuingia nyumbani. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, jambo ambalo waandishi wengi wa kwanza hawaliwezi. Na hakuna popote katika sura hiyo ambapo mimi msomaji nilifikiri, “Baganda ndivyo walivyo.” Nilifikiri, mtu huyu ameharibikiwa.

Kaka wa kijana naye ni mwizi. Lakini yeye anaingia usiku, hana jina, hana deni, hana mtoto, hana sentensi hata moja inayotueleza kwa nini usiku huo na kwa nini ng’ombe wale. Sifa yake pekee ni kabila lake, kwa hiyo kabila ndilo linalobaki kuwa sababu ya wizi. Wizi wa baba mdogo umebaki wa baba mdogo, wizi wa kaka umekuwa wa Karamoja nzima. Chuki hufanya kazi hivyo hata nje ya vitabu: kosa la mtu wa kwetu ni lake peke yake, kosa la mtu wa kwao ni lao wote.

Wema nao huhesabiwa kinyume. Mtu wa kwetu akiwa mwema ni kawaida, mtu wa kwao akiwa mwema ni ajabu. Ndiyo sababu mwisho wako unanisumbua karibu sawa na sura ya tisa, ijapokuwa najua uliuandika kwa moyo safi. Kijana hakubaliwi kwa sababu ni mtu anayempenda binti yao. Anakubaliwa baada ya kumtoa ssenga kwenye basi lililopinduka. Upande wa binti haudaiwi chochote, pamoja na kwamba wana mgushi wa hati mezani siku ya kwanjula. Mkaramoja mmoja amelipa ada ya kuingia, na wengine wote wamebaki walipokuwa: ssenga anaweza kumpenda huyu na kuendelea kuwadharau wenzake hadi kaburini. Msomaji makini ataliona hilo hata kama hana jina la kuliita.

Tuje kwa msimulizi. Umetumia msimulizi maizi, yule anayejua yote na kuingia kila moyo. Msomaji humwamini huyu kuliko mhusika yeyote, kwa sababu hana jina, hana kabila, hana maslahi. Kwa hiyo kila kivumishi chake kina uzito. Ukurasa wa kwanza kijana anapotokea, msimulizi anasema shati lake “lilikuwa safi ajabu.” Ajabu kwa nani? Baadaye anasema, “Alinyamaza, kama walivyo watu wa kwao.” Hakuna ssenga hapo. Na baba mdogo anaponyamaza kwenye sura ya tatu, ananyamaza kwa sababu ana aibu. Kimya cha mmoja kina sababu, cha mwingine kina kabila.

Usikimbilie kufuta sentensi hizo. Moja wapo unaweza kuigeuza dhahabu. Mpe binti lile shati. Yeye ndiye anayemwona kijana kwa mara ya kwanza kwenye foleni ya maktaba, yeye ndiye anayeshangaa usafi wake, na dakika hiyo hiyo anagundua kwamba ameshangaa. Binti aliyelelewa na ssenga huyo hawezi kuwa hana hata chembe ya mafunzo ya ssenga. Kwa sasa umemfanya safi kabisa, na kwa hiyo chuki imekaa kwa kizazi cha wazee peke yake, nasi wasomaji wa leo tunaitazama kwa mbali tukijipongeza. Riwaya yako itakuwa na nguvu zaidi binti akiwa na kitu cha kupigana nacho ndani yake. Pia itakuwa ya kweli zaidi.

Mshairi Mwacholi Okot p’Bitek alilielewa hili kuliko wengi wetu. Katika Wimbo wa Lawino, utenzi wake uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966, Lawino anamtukana mwanamke mwenzake Clementine bila huruma: sura yake, poda yake, mwili wake. Lakini Lawino mwenyewe anakiri kwamba ana wivu kidogo. Papo hapo msomaji anajua maneno yale yanatoka wapi, anaweza kumcheka, kumwonea huruma na kumbishia. Ocol, mumewe, anawadharau watu wa kwao mwenyewe, na dharau yake nayo ina chimbuko: shule, kanisa, siasa. Hakuna tusi linaloelea hewani. Kila tusi lina mwenyewe na lina sababu yake.

Basi mpe ssenga sababu. Kwenye mswada anachukia kwa sababu hadithi inahitaji mtu wa kuchukia. Jiulize: mama huyu wa Mukono amewahi kukutana na Mkaramoja? Ameibiwa ng’ombe lini? Mteso, jirani wa Karamoja, aliyeona mazizi ya kwao yakikombwa na wavamizi mwishoni mwa miaka ya 1980 ana jeraha, na akisema neno baya kuhusu Karamoja tunasikia jeraha hilo hata kama hatukubaliani naye. Ssenga wako hana jeraha. Alichonacho ni dharau aliyoipokea: ile kauli ya miaka mingi kwamba Uganda haiwezi kuingoja Karamoja iendelee, picha za watu wasiovaa nguo, watoto wa Napak, wilaya ya Karamoja, anaowapita barabarani akielekea soko la Owino. Mambo hayo mawili, hofu yenye kidonda na dharau ya kurithi, yanazungumza lugha tofauti. Lenye kidonda hutaja mwaka, mahali na rangi ya ng’ombe. Dharau ya kurithi husema “hao watu.” Ukijua ssenga yuko upande gani, mazungumzo yake yatabadilika yenyewe.

Na ana hofu nyingine ya halali ambayo hujaigusa. Kwa desturi ya Buganda ssenga ndiye anayebeba ndoa ya binti wa kaka yake. Ndoa ikivunjika, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Anaogopa umbali. Anaogopa wajukuu watakaomsalimu kwa lugha asiyoijua. Hofu hiyo haina uovu wowote, ila kwa sababu hana maneno ya kuieleza, anaazima ya dharau yaliyo karibu. Andika ukurasa mmoja ambapo msomaji anaiona hofu hiyo, na ssenga atakuwa mhusika duara, mtu kamili anayeweza kutushangaza. Kwa sasa ni bapa, mtu wa upande mmoja tu. Nawe nakuomba usisahau kwamba kumwandika ssenga kuwa bapa ni kumdharau yeye pia.

Upande wa Karamoja unahitaji kazi kubwa zaidi, na hapa nakuambia bila kuzunguka: hujaijua vya kutosha kuiandika. Serikali ya kikoloni iliifunga Karamoja kwa sheria, mgeni akahitaji kibali kuingia, na wafugaji wakabanwa katika mwendo wao wa kufuata malisho na maji, mwendo ambao ndio unaowezesha maisha katika nchi ya mvua chache. Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaenea kwenye mazizi. Serikali iliendesha kampeni za kunyang’anya silaha mwaka 2001 na tena 2006, na raia waliumia mikononi mwa askari. Wizi wa ng’ombe umo ndani ya historia hiyo, na wanaouawa na kufilisika kwa sababu yake ni Wakaramoja wenyewe kwanza. Kaka wa kijana wako alizaliwa katikati ya haya. Sisemi uyamwage yote kwenye sura ya tisa kama somo la historia. Nasema yeye anayajua, na mtu anayeyajua hatembei usiku na ng’ombe wa wizi jinsi ulivyomtembeza.

Halafu, Mkaramoja yupi? Mtu wa Jie wa Kotido, Mdodoth wa Kaabong, Mmatheniko, Mbokora, Mpian, hawajioni kuwa kitu kimoja, na wengi wao wameibiana wao kwa wao. Kwenye mlima Moroto kuna Watepeth, na kaskazini kabisa kuna Waik, ambao si wafugaji kama hao wengine. Kijana wako hana kijiji. Baba mdogo unamjua mpaka kibanja kilipo.

Hao Waik wana kisa ambacho kila anayetaka kuandika juu ya watu wa mbali angepaswa kukijua. Mtaalamu wa jamii Colin Turnbull alikaa kwao miaka ya 1960, wakati wa njaa kali, baada ya kuzuiwa kuwinda bondeni Kidepo, mahali palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Kitabu chake cha mwaka 1972 kiliwaambia wasomaji wa dunia nzima kwamba hawa ni watu waliopoteza upendo. Mwaka 1975 mwongozaji wa tamthilia Peter Brook akakipandisha jukwaani Paris. Baadaye mwanaisimu Bernd Heine, aliyefanya utafiti wa lugha yao, aliandika mwaka 1985 kwamba mengi yaliyoelezwa mle hayakuwa sahihi. Turnbull aliona njaa akaandika tabia. Si riwaya ile, najua, lakini kosa ni lile lile: hali ya msimu mmoja ikageuzwa asili ya watu, na watu wenyewe wakawa wa mwisho kuulizwa.

Ndipo ninapokuuliza jambo dogo la mpangilio. Riwaya yako inakwenda Moroto mara moja tu, kwenye sura ya wizi. Kila kitu kingine kiko Makerere, Mukono, Wandegeya. Vipi familia ya binti ikisafiri? Kwa sasa watu wa kijana wanakuja kwenye kwanjula wamevaa kanzu, wanapiga magoti panapostahili, na yote yanakwenda kama desturi ya Buganda inavyotaka. Hakuna anayeuliza upande wao wanaoaje. Karamoja mahari ya ng’ombe hukusanywa na ndugu na marafiki wengi, na kila aliyetoa ng’ombe ana sauti katika ndoa hiyo. Wazee wana mikutano yao, wana utaratibu wao wa nani aketi wapi na nani aanze kusema. Baganda nao ni watu wa itifaki kali, wasemaji wao hupigana kwa methali. Ni jamii mbili zinazoheshimu mno maneno ya wazee, na hazijui kwamba zinafanana hapo. Mpeleke ssenga huko. Akae mahali ambapo yeye ndiye asiyejua aketi wapi, yeye ndiye anayetafsiriwa, gomesi yake, vazi la wanawake wa Buganda, ndiyo inayotazamwa na watoto. Sura hiyo nina hamu nayo kuliko zote.

Sasa lugha, jambo ambalo hukuliuliza. Kijana wako anasema, “Mimi nataka oa hii musichana.” Ssenga, ambaye katika ulimwengu wa hadithi anazungumza Luganda, umempa Kiswahili sanifu kama mtu wa Unguja. Kijana ni mhitimu wa Makerere. Na binti huongea naye Kiingereza, bila shaka, au Luganda alichojifunza mjini. Kwa hiyo Kiswahili chao wote kwenye ukurasa ni mkataba kati yako na msomaji. Ukimpa mmoja kilichonyooka na mwingine kilichovunjika, umemshusha mmoja kabla hajatenda lolote. Mazoea haya ni ya zamani katika maandishi ya Kiswahili: Mhindi wa dukani, mlinzi wa kutoka bara, mpishi, wote huvunjiwa sarufi ili tucheke. Fuata kanuni moja tu: mtu akiwa anazungumza lugha yake, mpe Kiswahili kizuri kadiri ya akili yake. Kivunje pale tu anapohangaika na lugha ya mwenzake, na basi wavunjie wote wanaohangaika. Ssenga akifika Moroto, zamu yake itafika.

Na yule askari wa kizuizi cha barabarani kwenye sura ya nne, mtu pekee ambaye hadithi inasema wazi kwamba anazungumza Kiswahili, naye ni mla rushwa. Wewe mwalimu wa Kiswahili unajua maumivu ya hilo. Lugha yetu imebebeshwa sifa ya kambi na wizi katika Buganda tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, ikaongezewa uzito na Amin alipoitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ikawa lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri likaamua mwaka 2022 kwamba ifundishwe shuleni kwa lazima, na bado wanafunzi wako nina hakika huulizwa nyumbani kama wanataka kuwa askari. Nenda Bombo usikilize wazee wa Kinubi wakizungumza Kiswahili sokoni, wakipatana bei ya vikapu, wakiulizana hali za wagonjwa. Weka hata mmoja wao ndani ya riwaya.

Kuhusu njia ulizotaja. Kabila la kubuni lina kazi yake kwenye fumbo au hadithi ya kisiasa ambapo nchi nzima ni ya kubuni. Lakini riwaya yenye Mukono, Makerere na basi la Mbale ikiwa na wafugaji “Walokari” wa kaskazini mashariki haimdanganyi mtu. Msomaji atajua ni nani, na wewe utakuwa umejiondolea wajibu wa kuwa sahihi. Rafiki yako ataumia zaidi.

Kuwaachia watu wa Karamoja waandike habari zao ni hoja nzito, nami siichukulii kirahisi. Waandike, na wachapishwe, na wewe uwafundishe wanafunzi wako kazi zao. Lakini hilo halikuzuii. Riwaya yako si habari ya Karamoja; ni habari ya familia ya Kiganda inayolazimika kumwona mtu ambaye haikutaka kumwona, na habari hiyo una haki nayo kamili, pengine kuliko mtu yeyote. Adam Shafi katika Vuta n’Kuvute alimwandika Yasmin, binti wa Kihindi anayekimbia ndoa ya mzee Raza na kumpenda Denge. Haikumpasa awe binti wa Kihindi. Ilimpasa ajue nyumba ile, ukali wa ndugu zake, na upweke wa kufukuzwa nao. Anayevuka mpaka akiwa na kazi ya kutosha mgongoni hupokewa.

Ipo njia nyingine ya kufikiria: kumfanya binti mwenyewe awe msimulizi, kwa nafsi ya kwanza. Utapata faida kubwa, kwa sababu kila asichokijua kuhusu Karamoja kitakuwa ujinga wake, na msomaji ataona ukipungua. Hasara ni kwamba utaipoteza ile sura ya baba mdogo ndani ya gari, kwani binti hakuwemo. Mimi nisingeipoteza. Ningebaki na msimulizi maizi nikamtia adabu. Uamuzi ni wako.

Mengine hayawezi kumalizika kwa barua. Kwanza, rafiki yako. Mwendee ana kwa ana, bila mswada mkononi, wala usiende kumweleza ulichokusudia. Muulize ni ukurasa gani ulimuumiza kwanza, kisha nyamaza usikilize. Usimwombe akuharirie bure. Akikubali kusoma tena, mlipe kama unavyomlipa msanifu wa jalada. Wala usimfanye msemaji wa Karamoja nzima. Tafuta wasomaji wengine wawili au watatu wa huko, mmoja awe mwanamke, mmoja awe mtu aliyeishi kwenye mazizi na si chuoni pekee. Ukiweza, safiri likizo ya Desemba ukae Moroto siku kadhaa, na urudi wakati mwingine wa mwaka, mvua zikiwa zimenyesha.

Kwa upande wa uandishi, FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa Kampala mwaka 1996, huwakutanisha waandishi wasomeane kazi. Wengi huko huandika kwa Kiingereza, lakini jicho la hadithi ni jicho la hadithi. Kwa Kiswahili chenyewe, walimu wa fasihi wa Makerere na Kyambogo hawakatai mtu anayekuja na mswada uliochapwa vizuri. Na iwapo baba mdogo yule ametokana na ndugu yako wa kweli, jambo ambalo kibanja kile kilivyoelezwa kinanifanya nilishuku, onana na mwanasheria kabla ya mchapishaji. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi kama kijiji kizima kitamtambua.

Anza na sura ya tisa. Kaka apate jina, kijiji, deni na mtu anayemsubiri nyumbani, na apatikane Mkaramoja mwingine pale pale anayempinga, kwa sababu katika kila zizi lenye ng’ombe wa wizi yupo mtu aliyesema wasiende. Halafu uamue upya kama bado unahitaji ajali ya basi. Ukifika hapo nitumie sura hiyo na ile ya safari ya Moroto, nami nitazisoma.